Kivumishi cha Kihispania "real" na Historia ya Reale

Maneno ya Kiswahili yenye asili ya Kiarabu yamechunguzwa sana, na yale ya Kireno yamekwisha kupata orodha zake: meza, leso, kasha, mvinyo, gereza na mengineyo. Kihispania hakitajwi. Sababu yake ni dhahiri, maana Wahispania hawakupata kuitawala pwani yetu, wala hawakuacha huku ngome wala kanisa. Hata hivyo, kipo kivumishi kimoja cha Kihispania ambacho wazee wetu walikitamka sokoni kila siku kwa vizazi kadhaa, bila ya kujua kwamba ni kivumishi, na bila ya haja ya kujua. Kivumishi hicho ni real. Katika makala haya tunakusudia kueleza maana zake, matumizi yake, na njia iliyokifikisha kwetu kikawa nomino reale. Hatufanyi hivyo kwa kupenda mambo ya kale tu. Neno hili limerudi tena siku hizi, na safari hii limekuja na utata unaoweza kumchelewesha mtu kupata haki yake.

Limerudi kwa mlango wa mpira. Atakayeshuka mwisho wa daladala Gongo la Mboto jioni ya siku yenye mechi kubwa za Ulaya atayakuta mabao ya chaki mbele ya vibanda vya kuonyeshea mpira, na juu yake yameandikwa majina ya timu na saa za kuanza. Jina Real Madrid halikosekani kwa muda mrefu. Katika moja ya ziara zetu za kukusanya maneno katika vitongoji vya Dar es Salaam tuliwauliza vijana waliokuwa wakisubiri mlango ufunguliwe: hii Real maana yake nini? Jibu lilitoka upesi, tena kwa pamoja: ni halisi, yaani Madrid yenyewe hasa, kwani ipo Madrid nyingine, ile ya Atlético. Mzee mmoja aliyekuwa akiuza kahawa pembeni alikataa. Yeye alisema hiyo ni reale, pesa ya zamani, na kwamba timu ile imeitwa hivyo kwa sababu ni ya matajiri. Vijana walimcheka. Kwa kweli, katika wote waliosema jioni ile, huyo mzee ndiye aliyekuwa karibu zaidi na asili ya neno, ingawa njia aliyopitia haikuwa sawa.

Vijana walipita njia ya Kiingereza. Katika Kiingereza neno lenye herufi hizo hizo lina maana ya halisi, au -a kweli, nao wamelisoma darasani. Lakini Kihispania kinayo maneno mawili yanayofanana kwa herufi na kwa sauti, na kila moja lina mzazi wake. La kwanza limetokana na neno la Kilatini regalis, lenye maana ya -a kifalme. Baada ya karne nyingi za kutamkwa, sauti g iliyokuwa katikati ya irabu ikapotea, likabaki real. La pili limetokana na realis, neno la Kilatini cha wanazuoni wa zama za kati lililozaliwa na res, yaani kitu. Hilo ndilo lenye maana ya halisi, lenye kuwapo kweli. Kifaransa kiliyatenganisha maneno hayo, kikawa na royal na réel, na Kiingereza kikayapokea yote mawili yakiwa yamekwisha kutengana. Kihispania, na Kireno pia, viliyaacha yakutane. Ndiyo maana kamusi ya Akademia ya Kihispania, chombo kilichoanzishwa mwaka 1713 na ambacho chenyewe kina neno hilo mwanzoni mwa jina lake, Real Academia Española, huyaweka katika vidahizo viwili mbalimbali.

Msomaji atauliza: Mhispania mwenyewe hutofautishaje? Hutofautisha kwa muktadha, kama sisi tunavyotofautisha kaa la moto na kaa wa baharini. Familia real ni jamaa ya mfalme. Vida real ni maisha ya kweli, si ya hadithini. Pavo real, yaani bata mzinga wa kifalme, ndiye tausi. Camino real ni njia iliyokuwa chini ya mamlaka ya mfalme, nasi tungeiita barabara kuu. Mahali pa neno pia husaidia. Kwa kawaida kivumishi cha Kihispania hukaa baada ya nomino, kama cha kwetu. Lakini katika majina ya heshima ya taasisi na ya hati za serikali real hutangulia, na linapotangulia hivyo maana yake karibu daima ni -a kifalme. Kwa upande wa upatanisho neno hili si gumu: vivumishi vingi vya Kihispania hubadilika kwa nomino za kike na za kiume, ila hiki hakibadiliki; hubadilika kwa wingi tu, kikawa reales. Mswahili aliyezoea safi, rahisi na ghali, ambavyo havichukui kiambishi chochote, hataona ajabu.

Kuhusu ile timu, ushahidi mzuri kuliko wote unatoka katika historia ya siasa. Klabu ya Madrid ilianzishwa mwaka 1902 bila ya neno hilo. Mwaka 1920 Mfalme Alfonso XIII aliipa heshima ya kujiita Real na kuweka taji katika nembo yake, kama alivyokwisha kuzipa klabu nyingine, mathalani Real Sociedad ya San Sebastián na Real Betis ya Sevilla. Mwaka 1931 mfalme aliondoka, Hispania ikawa jamhuri. Mara klabu ikaondolewa taji na kivumishi chake, na ile ya San Sebastián ikaitwa Donostia. Real ya Madrid ilirudishwa mwaka 1941. Kama maana ingalikuwa halisi, jamhuri ingalikuwa na ugomvi gani nayo? Hakuna serikali inayopiga marufuku uhalisi wa timu. (Ipo klabu moja ya Marekani, huko Salt Lake, iliyojipa jina Real mwaka 2004 katika nchi isiyo na mfalme tangu karne ya 18. Hayo tuwaachie wenyewe.)

Mpaka hapo mtu angeweza kusema kuwa haya ni mazungumzo ya kibandani, na kwamba kosa la tafsiri katika jina la timu halimdhuru mtu. Ndivyo ilivyo. Lakini tuliletewa jambo jingine kutoka huko huko Gongo la Mboto, ambalo halikuwa la mpira. Familia moja ilifiwa na ndugu yao aliyekuwa baharia, ambaye kwa miaka mingi alikuwa amehamia bandari moja ya Hispania na kuacha huko fungu la nyumba. Karatasi za mirathi zilikuwa za Kihispania. Kwa kuwa tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama nchini, karatasi hizo zilipaswa kutafsiriwa, nazo zilitafsiriwa kwingine kabla ya kutufikia sisi. Ndani yake neno real lilitokea mara mbili. Mara ya kwanza lilikuwa katika kutaja kanuni za kodi ya mirathi ya Hispania, Real Decreto 1629/1991 ya tarehe 8 Novemba 1991. Mara ya pili lilikuwa katika valor real, thamani ambayo kwa wakati ule ndiyo iliyokuwa msingi wa kukadiria kodi hiyo. Mtafsiri aliandika "Amri Halisi Na. 1629" na "thamani halisi". La pili ni sahihi kabisa. La kwanza liliwaletea wenyewe taabu, kwa sababu katika ofisi zetu neno halisi lina kazi yake maalumu: hati halisi ni ile ya asili, isiyo nakala. Ofisi iliyopokea tafsiri ile iliwaagiza wafiwa walete hiyo amri halisi, kwani waliyoileta ilionekana kutaja tu namba yake. Wakaanza kuandika barua Hispania kuomba hati ambayo haikuwa ya kuombwa, maana ni sheria ya nchi iliyochapishwa katika gazeti la serikali, na kila mtu aweza kuisoma. Miezi ikapita. Dada wa marehemu, aliyekuwa akizishughulikia karatasi hizo, alitueleza kwamba alidhani kuna amri ya uwongo ambayo kaka yake alidanganywa nayo.

Tulipoitazama hati tuliona dawa yake ni neno moja, lakini kulichagua neno hilo kulizua mjadala mezani kwetu. Baadhi walipendekeza "Amri ya Mfalme". Hili ni jepesi kwa sikio na linaeleweka mara moja. Tatizo ni kwamba linasema zaidi ya asili. Real Decreto hupitishwa na baraza la mawaziri, na mfalme huitia sahihi tu. Anayesoma "Amri ya Mfalme" atadhani mfalme alikaa akaamua yeye mwenyewe juu ya kodi ya nyumba ya baharia. Wengine walihofu kwamba "-a kifalme" katika Kiswahili huelekea kwenye fahari: karamu ya kifalme ni karamu kubwa, si lazima iwe ya mfalme. Hofu hiyo ina msingi. Hata hivyo, katika lugha ya sheria fahari haina nafasi, na kiambishi ki- kina uwezo wa kuonyesha uhusiano bila ya kumtaja mtu, jambo ambalo ndilo hasa kivumishi cha Kihispania hufanya. Tuliamua "Amri ya Kifalme", na karatasi zikaenda hivyo. Ofisi haikuuliza tena habari ya hati ya asili.

Sasa turudi kwa mzee wa kahawa, kwani habari yake ni ndefu na ni yetu zaidi.

Katika karne ya 14 wafalme wa Kastilia walianza kufua sarafu ya fedha iliyoitwa real, yaani ya kifalme. Nomino iliachwa, kivumishi kikabaki na kazi yake. Hili si jambo geni kwetu: tunaposema "nipe baridi" kwa mwuza soda hatutaji soda. Mwaka 1497 Mfalme Ferdinand na Malkia Isabella waliitengeneza upya mizani ya sarafu zao. Baadaye fedha ilipoanza kumiminika kutoka Mexico na kutoka mlima wa Potosí, ambao utajiri wake uligunduliwa mwaka 1545, sarafu iliyotapakaa duniani haikuwa real moja bali ile kubwa ya real nane, yenye uzito wa gramu 27 hivi. Wahispania waliiita pia peso, maana yake uzito. Wafanya biashara wa bahari ya Mediterania na wa nchi za Kiarabu hawakujali kuhesabu nane: kwao sarafu kubwa ndiyo iliyokuwa riyal. Kwa hiyo neno lililokuwa jina la sehemu ya nane likawa jina la kitu kizima. Ureno nayo ilikuwa na real yake, na kati ya 1580 na 1640 ilikuwa chini ya wafalme wa Hispania, kipindi ambacho Wareno waliijenga Ngome ya Yesu, Mombasa. Basi neno liliweza kuifikia pwani yetu kwa milango miwili, wa Kireno na wa Kiarabu. Umbo letu reale, lenye irabu e, lakumbusha mlango wa kwanza. Umbo riale laelekea wa pili. Kamusi zimeyapokea yote.

Waswahili hawakupokea jina tu, bali waliligawa. Edward Steere, katika kitabu chake cha lugha ya Unguja kilichotoka mwaka 1870, alizitaja aina nne ambazo kila msomaji wetu angependa kuzijua. Reale ya dhahabu ilikuwa sarafu ya Kimarekani ya dola ishirini. Reale ya Fransa ilikuwa ya faranga tano. Reale ya Sham ilikuwa ile yenye sura ya Malkia Maria Theresa wa Austria, ambayo iliendelea kufuliwa na mwaka 1780, mwaka aliofariki, miaka mingi baada ya kifo chake. Jina la Sham lilifuata njia ya biashara, si mahali ilipofuliwa. Na ya nne, inayotuhusu hapa, ilikuwa reale ya mzinga, ndiyo hasa sarafu ya Kihispania. Mzinga wa nini? Baadhi ya sarafu hizo zilichorwa nguzo mbili, zile za Herkule, alama ya mlango wa bahari wa Gibraltar ambao watu wa kale waliuhesabu kuwa mwisho wa dunia. Mtu wa pwani hakuona nguzo wala Herkule. Aliona mizinga miwili imesimamishwa. Waarabu nao waliona vivyo hivyo, wakaiita sarafu hiyo mwenye mzinga. Sisi tunaona kuwa jina hilo ni istilahi njema kupita nyingi zinazotungwa ofisini, kwani aliyelisikia aliweza kuitambua sarafu bila ya kufundishwa.

Reale ilikuwa pia jiwe la mizani. Wakia moja ya Unguja ilikuwa ni uzito wa reale moja ya fedha, na wakia kumi na sita zilifanya ratli. Kwa hiyo Wahispania waliiita sarafu yao uzito, na Waswahili wakaufanya uzito wao kuwa sarafu, wala hawakupeana shauri.

Hapa tuna neno la kuwaambia wenzetu wanaotafsiri vitabu vya historia. Katika mikataba na barua za karne ya 19, kuanzia mapatano ya Seyyid Said na Marekani ya mwaka 1833, bei na ushuru wa Unguja vimeandikwa kwa Kiingereza kwa neno lenye maana ya dola. Vikitafsiriwa "dola", mwanafunzi wa leo atafikiri kuwa karafuu na pembe za ndovu ziliuzwa kwa fedha ya Marekani. Zilikuwa reale, na wauzaji wenyewe waliziita reale. Sultani Barghash alipofulisha sarafu yake mwenyewe mwaka 1882 aliiita riyali, akiifuata desturi hiyo hiyo. Haikuishi sana, maana rupia ya Kihindi ilikuwa imekwisha kushika soko, na mwaka 1908 serikali ya Unguja ilihesabu kwa rupia. Hivi sasa neno liko hai kwa jirani: Waswahili wa Oman hulipwa mishahara kwa riale, sarafu iliyoanzishwa huko mwaka 1970 ikiitwa riale Saidi kabla ya kuitwa ya Omani. Brazil nayo ililirudisha mwaka 1994, na wingi wake huko ni reais. Tunashauri reale itumike kwa sarafu za kale za pwani, riale kwa zile za nchi za Kiarabu na Iran, na reali kwa ya Brazil. Tofauti ni ya irabu moja moja tu, lakini mtunza hesabu ataishukuru.

Limebaki neno thumuni. Wasomaji wenye umri wanakumbuka kwamba thumuni, au sumni, ilikuwa senti hamsini, nusu ya shilingi. Katika Kiarabu neno hilo lina maana ya sehemu ya nane. Nusu yawezaje kuitwa sehemu ya nane? Hesabu yake hailingani na shilingi hata kidogo, lakini yalingana na reale. Katika kiwango kilichozoeleka mwishoni mwa karne ya 19 reale ilikuwa kama rupia mbili na kidogo. Huku bara rupia ilipogeuzwa, kupitia florini ya 1920, na kuingia katika shilingi mwaka 1922, ilihesabiwa shilingi mbili. Reale basi ingekuwa kama shilingi nne, na sehemu yake ya nane ni senti hamsini. Kwa kadiri tunavyoona, jina lilibaki likiihesabu reale ambayo haikuwamo tena mfukoni mwa mtu. Tukumbuke pia kwamba sehemu ya nane ya ile sarafu kubwa ndiyo iliyokuwa real yenyewe, ya asili, kule Kastilia. Mwaka 1966 Benki Kuu ya Tanzania ilipotoa sarafu zetu wenyewe, ile ya senti hamsini ilitiwa picha ya sungura, na watu wakaendelea kuiita thumuni.